Nani kasema "tayari"? Historia ya kuandika kwenye diski iliyo mbali

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, na wapo walionitumia ujumbe wakidhani nimeolewa kimya kimya. Hapana jamani, bado nipo Mbagala, bado nagombania daladala kila asubuhi. Nilikuwa nasoma. Nimesoma mambo ya diski, seva na mafaili mpaka mdogo wangu akaniuliza kama nimeacha uandishi. Leo nawapa sababu, halafu nawapa historia yenyewe. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo tafuta kikombe cha chai.

Mwishoni mwa 2023, kipindi kile cha mgao wa umeme, nilimhoji mzee mmoja wa Chang'ombe, Temeke. Ujanani mwake alikuwa mpiga kadi, yaani mmoja wa wale vijana waliokaa kwenye mashine na kutoboa kadi za kompyuta katika shirika moja la umma. Watu wa namna hiyo hapa mjini wamebaki wachache sana. Alinipa saa tatu nzima, akanionyesha na picha zake za zamani. Nikarekodi yote kwenye simu.

Nikaenda ofisini, upande wa Kinondoni (sitaitaja, mkate wangu uko pale), nikaandika kwa siku mbili. Kila neno la mzee nililiweka kwenye faili moja kwenye seva. Alhamisi jioni nikabonyeza kusevu, kompyuta ikaniambia imesevu. Simu yangu ilikuwa imejaa, nikafuta ile sauti hapo hapo nikiwa bado nimekaa. Kabla sijainuka kwenye kiti, umeme ukakatika. Betri ya kushikilia seva ilikuwa imekufa zamani, hakuna aliyejali. Umeme uliporudi faili langu lilikuwepo, jina lake lile lile, ila ukubwa wake ulikuwa baiti 0. Programu huwa inaandika faili upya lote kila unaposevu, kwa hiyo hata ya jana yake haikuwepo. Nakala ya akiba ilikuwa inachukuliwa Jumamosi.

Niliona aibu kurudi Chang'ombe. Nikasema nitakwenda mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa mwingine. Mzee akafariki Februari 2024.

Fundi wetu wa kompyuta, kijana mpole sana, aliniambia sentensi moja ambayo sijaisahau: "Dada, seva ilikwambia imeandika. Ilikuwa haijaandika." Nikamuuliza, kwa hiyo ilinidanganya? Akasema haikudanganya, iliwekwa hivyo ili iwe na kasi. Hapo ndipo safari yangu ilipoanzia.

Tuanze na msingi. Kuna namna mbili kubwa za kuweka kitu kwenye diski iliyo mbali nawe. Ya kwanza ni ya masjala. Unakwenda dirishani kwa karani, unamwambia fungua jalada fulani, weka karatasi hii. Karani anajua jina la jalada, mwenye nalo, lini liliguswa na nani anaruhusiwa kulisoma. Hiyo ndiyo hifadhi ya mafaili. Ya pili ni ya viwanja. Eneo limepimwa, kila kiwanja kina namba, kama ramani za mradi wa viwanja 20,000 ulioanza hapa jijini 2002, ila hapa vyote vina ukubwa ule ule. Wewe unasema tu: kwenye kiwanja namba 4112 shusha mzigo huu. Diski haijui kama mzigo ni picha ya harusi au orodha ya mishahara. Hiyo ndiyo hifadhi ya bloku.

Mwisho wa yote kila jalada linaishia kwenye viwanja. Tofauti ni mahali anapokaa karani. Kwenye mafaili karani yuko kule mbali, kwenye seva. Kwenye bloku karani yuko ndani ya mashine yako mwenyewe, na kule mbali kuna viwanja vitupu tu. Shika hapo, kwa sababu mabishano yote ya kasi yanatoka hapo. Ikisemwa hifadhi "iliyosambazwa", maana yake masjala au viwanja hivyo vimegawanywa kwenye mashine nyingi, na mara nyingi kila kitu kina nakala mbili au tatu.

Haya, sasa historia.

Diski ya kwanza kuuzwa sokoni ilitoka IBM mwaka 1956. Ilibeba herufi milioni 5 na ilikuwa kubwa kama kabati. Hapakuwa na suala la umbali, kwa sababu diski na kompyuta vilikaa chumba kimoja. Kwetu kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba, na mwaka huo serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Watu wanapenda kucheka uamuzi ule. Mimi sichekei tena. Pesa za kigeni zilikuwa shida, na mahesabu ya serikali yalikuwa yamekwisha kuvurugika ndani ya mashine hizo hizo.

Katika machache ya mzee niliyobaki nayo kichwani, moja ni hili: kadi moja ilipigwa mara mbili. Mtu wa kwanza anaitoboa. Kisha inakwenda kwa mtu wa pili mwenye mashine ya kuhakiki, naye anapiga yale yale akitazama karatasi ya asili. Zikitofautiana, mashine inagoma. Kazi haikuhesabiwa kuwa imeandikwa mpaka wa pili amekubali. "Ilikuwa inachosha, binti yangu," aliniambia, "lakini hakuna aliyekosa mshahara kwa ajili yangu." Ndiyo maneno yake, au karibu na hayo. Rekodi sina.

Tukimbie kidogo mpaka 1984. Kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitengeneza mfumo unaoitwa NFS, ulioruhusu kompyuta nyingi kutumia mafaili ya seva moja kana kwamba yako kwenye diski zao wenyewe. Ni masjala ya mbali hasa. Toleo lililoenea, la pili, lilikuwa na sharti moja kali: seva isijibu "tayari" mpaka maandishi yamefika kwenye diski yenyewe. Sharti la kiungwana kabisa, lakini lilikuwa na bei yake. Mfumo ulibeba si zaidi ya kilobaiti 8 kwa safari, kwa hiyo faili la megabaiti moja lilikuwa safari 128. Diski za enzi hizo zilizunguka mara 3,600 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ulichukua karibu milisekunde 17. Ukisubiri mzunguko mmoja tu kwa kila safari, faili hilo dogo linakula sekunde mbili na ushee, na hapo karani hajaandika bado jina, saa na ukubwa kwenye daftari lake.

Watu walilalamika. Wenye pesa wakanunua kadi zenye betri ndogo ndani, zikapokea maandishi na kuyashika hata umeme ukikatika. Wasio na pesa wakatafuta njia ya mkato: seva ipokee maandishi kwenye kumbukumbu yake ya muda, ijibu "tayari", halafu iandike diski baadaye ikipata nafasi. Kwenye Linux njia hiyo ina neno lake moja, 'async', na mpaka miaka ya mwanzo ya 2000 ndiyo iliyokuwa hali ya kawaida usipochagua kitu kingine. Baadaye wakaibadilisha, hali ya kawaida ikawa 'sync', yaani subiri diski. Toleo la tatu la NFS la mwaka 1995 lilikuwa limeshaleta suluhu ya kati: mteja anatuma vipande vingi bila kusubiri, halafu mwisho anauliza swali moja, "sasa vyote viko salama?", na seva haijibu ndiyo mpaka viwe salama kweli.

Mnaona nilipoangukia. Seva ya ofisini kwetu ilikuwa na lile neno la zamani. Mtu aliliweka miaka mingi iliyopita kwa sababu waandishi walilalamika kusevu kunachelewa.

Sasa upande wa viwanja. Karibu mwaka 2000, Philipp Reisner wa Vienna, Austria, alianza kutengeneza programu iitwayo DRBD. Inachukua diski ya bloku na kuifanyia pacha kwenye mashine nyingine kupitia mtandao. Mwaka 2010 iliingizwa rasmi ndani ya Linux. Ninaipenda kwa jambo moja: haikuficha kitu. Inakutaka uchague maana ya neno "tayari", na imezipa maana hizo herufi A, B na C.

Nieleze kwa mfano wa wakala wa pesa, kwa sababu sote tumesimama kwenye kibanda chake. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kwetu 2008. Chukulia unamtumia mama pesa kijijini. A ni wakala kukwambia "tayari" akiwa ameandika kwenye daftari lake na kubonyeza kutuma, ujumbe uko njiani. B ni kukwambia "tayari" ujumbe ukishaingia kwenye simu ya mama, hata kama hajaufungua. C ni kusubiri mpaka mama mwenyewe apige na kusema nimeona salio. A ndiyo yenye kasi kuliko zote. Umeme ukikatika pande zote mbili kwa pamoja na daftari la wakala likaharibika, C peke yake ndiyo unayoweza kuidai mahakamani. Sasa mtu akikwambia diski yake ya mbali inaandika kwa kasi ajabu, swali lako la kwanza liwe: kwa herufi ipi?

Na ukweli ni kwamba majaribio mengi ya kasi ni ya herufi A bila kutajwa. Mimi na fundi tulijaribu Jumapili moja kwa amri ya 'dd', ambayo inamwaga maandishi kwenye diski na kukupa kasi yake. Mara ya kwanza ikatupa namba kubwa kuliko uwezo wa waya wenyewe wa mtandao! Waya wa gigabiti moja haupitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde hata uusukume vipi. Fundi akacheka, akaongeza maneno 'conv=fsync', yaani usiseme umemaliza mpaka yafike diski. Namba ikashuka ikarudi duniani.

Mwaka 2003 Google walieleza hadharani mfumo wao wa mafaili uliosambazwa kwenye mashine nyingi za bei rahisi. Mafaili yalikatwa vipande vikubwa vya megabaiti 64, kila kipande nakala tatu, na maandishi yalipita kwa mnyororo: mashine ya kwanza inampasia ya pili, ya pili inampasia ya tatu. Hesabu yake ni tamu. Kama wewe mwenyewe ungetuma nakala tatu kwa waya wako, zile megabaiti 125 zingegawanywa kwa tatu, ubaki na kama 41. Kwa mnyororo unatuma mara moja tu. Lakini masjala hiyo ilitengenezwa kwa majalada manene. Ukiiletea karatasi ndogo ndogo milioni moja, karani mkuu anazidiwa.

Mwaka 2006 Sage Weil, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California pale Santa Cruz, na wenzake wakaonyesha mfumo uitwao Ceph. Huu ndio ulionisaidia kuelewa mambo, kwa sababu baadaye uliweza kutoa huduma zote mbili, mafaili na bloku, juu ya mashine zile zile na diski zile zile. Ni kama kushindanisha wakimbiaji wawili waliovaa viatu vya aina moja. Chini kote sheria ni moja: mashine kuu inapokea, inawatumia wenye nakala, na haikujibu mpaka nakala zote zimeandikwa. Kama yule mzee na mwenzake wa kuhakiki.

Basi nani anaandika haraka? Faili moja kubwa, tuseme video ya harusi, tofauti ni ndogo. Wote wanabanwa na waya na diski. Mafaili madogo maelfu, hapo bloku inashinda, na sababu ni yule karani. Kwenye masjala ya mbali kila faili jipya ni safari: fungua jalada, andika, funga, rekebisha daftari. Kwenye bloku karani yuko kwako, anakusanya kazi mia mezani kwake na kutuma mzigo mmoja.

Ukiishia hapo utakwenda kununua bloku kesho. Subiri. Bloku ya kawaida hufunguliwa na mashine moja kwa wakati mmoja. Ukiifungua kwa mashine mbili, kila moja na karani wake, makarani wawili wanaandika daftari moja bila kuonana, na baada ya muda kiwanja kimoja kimeuzwa kwa watu wawili. Wakazi wa Dar hawahitaji kuelezwa hilo linaishia wapi. Chumba cha habari kina waandishi wengi na wahariri wanaofungua faili lile lile, kwa hiyo sisi tunahitaji karani mmoja wa pamoja, tunamlipa kwa kuchelewa, na ndiyo haki yake. Wanaolinganisha kasi bila kulitaja hili wanalinganisha bodaboda na basi.

Kitu kingine nilichojifunza ni umbali. Mwanga ndani ya kebo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Nakala moja ikiwa Temeke na nyingine Kinondoni, tuseme kilomita 20, kwenda na kurudi ni milisekunde 0.2 tu. Diski ya leo inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inatumia milisekunde 8.3 kwa mzunguko, kwa hiyo foleni ya Kilwa Road haihusiki, nakala zinavuka jiji bila kusikia. Nakala ikiwa Dodoma, kilomita kama 450, ni milisekunde 4.5. Bado unavumilia. Lakini kabla ya kebo ya baharini ya SEACOM kufika Julai 2009, mawasiliano yetu ya nje yalitegemea sana setilaiti iliyo kilomita karibu 36,000 juu. Swali kupanda na kushuka, jibu kupanda na kushuka, ni karibu nusu sekunde. Kwa hali hiyo kuandika "tayari" ya kweli mara mbili kwa sekunde ndiyo mwisho wako. Seva za M-Pesa ya Kenya zilikaa Ujerumani mpaka zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Kwa mstari ulionyooka tu, kama kilomita 6,300, ni milisekunde 63 kwenda na kurudi, na kebo haziendi kwa mstari ulionyooka.

Diski zisizozunguka zimegeuza hesabu hii. Zinaandika kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde, kwa hiyo sasa ule umbali wa Temeke na Kinondoni tuliouona si kitu umeanza kuonekana tena. Ndiyo maana vituo vya data kama kile cha taifa kilichojengwa Kijitonyama vina maana hata kwa watu kama mimi tusioingia getini. Karani akikaa karibu, unaweza kumsubiri aandike kweli bila kupoteza siku.

Turudi ofisini. Fundi alibadilisha lile neno moja, 'async' likawa 'sync', akaomba na betri mpya ya seva. Neno lilibadilishwa siku hiyo hiyo. Betri ilichukua miezi minne na barua tatu. Sasa kusevu kunachukua muda, ule wa kuinua kikombe na kukirudisha, na ukiwa na folda la picha 300 unaweza kwenda kununua vocha ukarudi. Wapiga picha hawanipendi, wanajua ni mimi niliyelivalia njuga. Mhariri ameniuliza mara mbili kwenye kikao: "Hivi wewe, tunachelewesha gazeti kwa ajili ya faili lako moja?" Nilimjibu kwamba ndiyo, bosi. Wakacheka, na mimi nikacheka.

Wiki iliyopita fundi kaniita pembeni. Ameambiwa arudishe kasi ya zamani. Ametoa pendekezo lake: picha ziende kwenye diski ya bloku ya mashine moja ya wapiga picha, kwa sababu hawachangii mafaili na mtu kabla hazijachaguliwa, na maandishi yabaki kwenye masjala ya pamoja na 'sync' yake. Anataka niandike ukurasa mmoja wa kumweleza mhariri kwa Kiswahili chepesi. Ukurasa umekuwa huu mnaousoma, nitaufupisha. Kikao ni Jumatatu saa tatu asubuhi.

Jumamosi nilikwenda Chang'ombe hatimaye, kuwasalimu watoto wa marehemu. Binti yake mkubwa alinitolea bahasha ya zile picha. Nyuma ya moja mzee ameandika kwa kalamu ya wino majina ya wapiga kadi wenzake wanne, na mbele ya kila jina ameweka alama ya vyema. Nimepiga picha pande zote mbili, nimeziweka kwenye seva, kwenye flashi na kwa dada yangu Tandika. Simu sijafuta kitu.